Gitaa la besi likiumwa, anza kwa kupekua begi

Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ulikuwa umeshuka nusu toni, na usiku kucha hakuna aliyeligusa gitaa. Nilikuwa nimelifunga Bamburi saa saba za usiku baada ya harusi, nikapanda nalo tuktuk, nikaliegemeza ukutani nikalala. Asubuhi nalitoa kwa mazoezi, linanijibu kama mtu mwenye mafua. Nikashuku vigingi, vile vyuma vya kichwani tunavyozungusha kukaza nyuzi. Nikanunua vipya vinne, nikavifunga kwa mkono wangu. Wiki iliyofuata, uzi uleule, kilio kilekile.

Mwizi alikuwa begi. Sehemu yake ya kichwa ilikuwa nyembamba, na kila nilipovuta zipu kitambaa kilikisukuma kigingi cha E taratibu, kikageuka kidogo. Kidogo hicho kwa besi kinatosha. Vigingi vyangu vya zamani vilikuwa vizima kabisa. Hadi leo vimo kwenye mkebe wa biskuti vikinitazama.

Tangu hapo, mtu akinijia na besi yenye maradhi, swali langu la kwanza ni hilo: begi lake liko wapi? Nayo maradhi ya huku yana desturi yake. Mabegi mengi yanasifiwa kwa unene, sponji milimita 10, sponji milimita 20, eti ligonge upendavyo. Lakini mpigaji wa Mombasa leo yuko kwenye taarab Majengo, kesho anapiga muziki wa bango hotelini Shanzu, Jumapili yuko kanisani Likoni, na kati ya safari hizo gitaa linakula joto la matatu, upepo wa chumvi kwenye feri na jasho la mgongo wake mwenyewe. Kugongwa kupo, ila si kila siku. Chumvi na unyevu ni kila siku. Ndiyo maana mimi nachukua sponji nyembamba inayokauka, nikaiacha nene inayokaa na maji siku tatu.

Kabla ya dalili zenyewe, chukua futi. Tangu Leo Fender alipoitoa Precision mwaka 1951, besi nyingi zimefuata skeli ya inchi 34, yaani urefu wa uzi kutoka briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili, hadi kile kipande cheupe nyuzi zinapoingilia kichwani. Ukijumlisha kichwa na kiwiliwili, gitaa zima linafika inchi 46 au 47, karibu sentimita 120, na uzito wake unacheza kwenye kilo 4. Gitaa la solo ni fupi kuliko hilo kwa karibu shubiri nzima. Basi muuzaji akikwambia “hili latosha yote mawili”, mwambie alifunge mbele yako. Na kama besi yako ina nyuzi tano, pima ya kwako usitegemee ya jirani, maana nyingine zina skeli ya inchi 35 na kichwa kirefu zaidi.

Limefungwa sawa, limefunguliwa limepotea

Usikimbilie kukaza. Washa programu ya kupimia sauti kwenye simu, upige nyuzi moja moja, uone zilivyopotea. Jinsi zilivyopotea ndiyo habari yenyewe.

Uzi mmoja umekwenda, watatu wenzake wapo palepale: kigingi kimesukumwa. Kuthibitisha ni rahisi. Piga picha kichwa cha gitaa kabla ya kufunga begi, ionekane kila sikio la kigingi limeelekea wapi. Libebe safari yako ya kawaida, lifungue, ulinganishe na picha. Lililogeuka litajionyesha. Dawa ya kudumu ni begi pana kichwani: pima upana wa kichwa pamoja na masikio yake, uongeze vidole viwili kila upande. Ukiwa huna hela ya begi jipya mwezi huu, kata kipande cha boksi gumu, ukikunje kama bahasha, ukivike kichwa kabla ya kuvuta zipu. Boksi litasukumwa badala ya kigingi. Mimi nilipiga shughuli nne kwa bahasha hiyo na mwimbaji wetu akanicheka kila mara.

Nyuzi zote zimehama pamoja, zote chini au zote juu kwa kiasi kinachokaribiana: hapo vigingi havina kosa, ni joto au unyevu. Chuma hutanuka kikipata joto, nayo mbao ya shingo hunywa maji ya hewa na kuyatema. Kaza upya, endelea na kazi. Lakini kama inatokea kila safari, jiulize gitaa linangojea wapi kabla ya shughuli. Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, gari lililofungwa juani ni tanuri, na begi jeusi kwenye buti ndilo mkate. Hakuna sponji inayozuia joto la muda wa saa tatu, inalichelewesha tu.

Linashuka hata likiwa mkononi katikati ya wimbo: begi halihusiki. Tazama kama skrubu ndogo za kigingi zimelegea, na kama uzi umezungushiwa nguzo yake vizuri. Miviringo miwili hadi mitatu, inayoshuka kwa mpangilio bila kupandana, inatosha. Mmoja hautoshi. Saba ni fujo.

Nyuzi zimepaa katikati, au zinakwaruza karibu na kichwa

Hii ni shingo, na watu wanaiharibu kwa haraka. Nyuzi nne za unene wa kawaida, zile za 45 hadi 105 (kwa sehemu za elfu za inchi), zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, na ndani yake mna fimbo ya chuma inayovuta upande wa pili. Mizani hiyo ikiyumba ndipo unapoona mabadiliko.

Kwa kidole kimoja bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kwa mkono mwingine bonyeza freti ya mwisho, halafu chungulia mwanya uliopo kati ya uzi na freti ya 8. Milimita 0.3 hadi 0.4 ni afya kwa besi nyingi: kadi ya biashara inapita ikigusagusa. Mwanya ukiwa haupo kabisa, na nyuzi zinakwaruza freti za mwanzo, shingo imenyooka kupita kiasi. Mwanya ukiwa mkubwa na nyuzi ziko juu katikati, imepinda mbele.

Sasa subiri. Litoe gitaa begini, liweke chumbani kwenye hewa ya kawaida siku mbili, upime tena. Mara nyingi shingo iliyotoka kwenye begi bichi inajirudia yenyewe. Isiporudi, ndipo ushike spana: kuzungusha upande wa saa kunaikaza fimbo na kuinyoosha shingo, kinyume chake kunailegeza. Robo mzunguko, subiri, pima. Spana ikigoma, iache, mpelekee fundi. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo haina tiba ya bei nafuu.

Vyuma vinapata kutu na nyuzi zinakufa mapema

Ningekuwa na karatasi moja tu ya kuandikia, ningeandika habari ya kutu peke yake. Tuanze na kutofautisha.

Kutu iliyoanzia upande wa mkono wa kulia, pale kiganja kinapolalia briji, ni jasho. Futa nyuzi na briji kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapomaliza, kabla ya kunywa soda, kabla ya kupiga picha na bwana harusi. Fulana kuukuu ni bora kuliko vitambaa vinavyouzwa madukani.

Kutu iliyotapakaa sawasawa hadi kwenye skrubu za nyuma ya kiwiliwili, mahali mkono haufiki, ni hewa ya begi. Jaribu hivi: tandaza gazeti kavu ndani ya begi tupu, funga zipu, ulale. Asubuhi likunje. Gazeti kavu hulia. Likiwa limelegea na halilii, sponji yako imebeba maji. Kuna sponji za aina mbili. Ile laini ya godoro ina matundu yanayopitana, ni kama mwamba wa matumbawe, ikinywa haitapiki. Ile ngumu kidogo, ya jamii ya soli za ndara, matundu yake yamejifunga kila moja peke yake, maji hayaingii. Dukani bonyeza kwa kidole gumba: ya kwanza inazama hadi chini na kurudi upesi, ya pili inakataa.

Begi la sponji ya kunywa halitupwi. Likaushe kivulini penye upepo, limefunguliwa wazi na kupinduliwa ndani nje kadiri linavyokubali. Juani usiliache kutwa nzima. Lile tabaka la plastiki ndani ya kitambaa linaanza kubambuka na kunata. Usiku gitaa likiwa nyumbani, begi lilale wazi. Najua mama alikufundisha kufunga vitu. Hiki kiache wazi.

Halafu kuna kutu ya tatu, ambayo ilinichukua miaka kuielewa, na wapigaji wa mahoteli mtaijua. Ukumbi una AC kali, gitaa limekuwa baridi saa nne nzima. Shughuli inaisha, unalibeba likiwa wazi hadi nje, unasimama kungoja gari, unapiga gumzo. Angalia briji yake wakati huo: imetoka jasho, matone madogo kama ya chupa ya soda iliyotoka friji. Unalifunga begini likiwa hivyo. Kesho kuna madoa. Kinga yake haigharimu kitu: funga begi ukiwa bado ndani ya ukumbi, kwenye ile hewa baridi na kavu, na ukifika nyumbani usilifungue mara moja. Lipe nusu saa lizoee joto polepole. Tangu nianze hivyo, nyuzi zangu zinanifikisha miezi mitatu.

Vile vipakiti vya chembe za silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, lakini kimoja kwenye begi la besi ni mate baharini, na kwa hewa yetu vinashiba baada ya siku chache. Kusanya vingi. Zile chembe nyeupe unaweza kuzimimina kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, ukazikausha kwa moto mdogo na kuzirudisha kwenye soksi safi. Mchele hausaidii kitu. Unaleta fukusi.

Kama kutu imeshaingia kwenye skrubu ndogo za briji, zile za kupandisha na kushusha uzi, usizilazimishe. Chovya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani, dondoshea tone moja kwenye kila skrubu, uache hadi kesho yake. Tone moja, maana mafuta yakimwagikia mbao unakuwa na kesi nyingine. Kisha tumia spana ndogo ya pembe sita yenye kipimo chake hasa. Besi nyingi zilizotengenezwa Asia zinataka ya milimita 1.5, na za Marekani huweza kutaka ya inchi. Spana inayokaribiana itaingia vizuri tu, halafu itaila skrubu mdomo ikawa duara.

Rangi ya kromu ikishaanza kuvimba na kubanduka, kusugua ni kujidanganya. Badilisha. Kabla ya kununua briji nyingine pima nafasi kati ya nyuzi (kwa besi nyingi za nyuzi nne ni milimita 19), na uhakikishe matundu ya skrubu yanalingana na yaliyopo kwenye mbao. Skrubu omba za chuma kisichopata kutu, na hapa mji wetu unatubeba: watu wa maboti wanazo, na wanajua tofauti ya daraja la 304 na la 316. La 316 limechanganywa molibdenamu na linavumilia chumvi zaidi. Kwa skrubu nne za lile bati linaloishika shingo kwenye kiwiliwili, tofauti ya bei ni ya chai na mahamri.

Nyuzi zenyewe, za chuma kisichopata kutu zinadumu lakini zinakula freti. Zilizopakwa tabaka la kinga zina bei ila zinalipa. Nyuzi laini zilizobapa hazina mifereji ya kuhifadhi jasho, na kwa taarab mimi sioni za kuzishinda. Mpiga roki atabisha. Abishe.

Kitako cha begi kimetoboka

Lipindue begi uangalie chini. Tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya kitako lina mshitakiwa mmoja: kile kifungo cha chuma mwishoni mwa gitaa, kinachoshika mkanda. Kila unapolisimamisha begi chini, kilo 4 zote zinakikalia. Kinatoboa sponji, kinatoboa kitambaa, kisha kinaanza kugonga sakafu, na pigo linarudi juu. Ukiona rangi ya gitaa imepasuka nyufa nyembamba kukizunguka kifungo hicho, ujue imekuwa ikitokea kitambo.

Langu nililipeleka kwa fundi wa viatu Mwembe Tayari. Alilishika, akaingiza mkono hadi chini, akatoa vidole nje ya tundu akavichezesha.

“Mwanangu, hili si begi. Hili ni foronya yenye zipu.”

“Mzee, si utashona tu kiraka?”

“Kiraka kitatoboka. Hilo gitaa lina mkia?”

Nikalitoa nikamwonyesha kifungo. Akaguna, akavuta ndara moja iliyokatika kamba kutoka kwenye gunia lake, akaikata vipande viwili vya umbo la kitako. Kipande cha juu akakitoboa tundu katikati, pana kidogo kuliko kifungo. Cha chini akakiacha kizima. Akavigandisha kwa gundi ya viatu, akavishona ndani ya begi kwa sindano ya kono. Maana yake ni kwamba sasa gitaa linakaa kwa makalio yake, juu ya soli, na kifungo kinaning'inia kwenye lile tundu bila kugusa kitu. Nje akashona kipande cha ngozi ya bandia. Nililipa bei ya kubadilisha soli za viatu, na mabegi mengi ya bei ghali niliyoyaona baadaye yana wazo hilohilo, limechapwa jina tu.

Begi lako likiwa halijatoboka, fanya hivyo leo.

Zipu inapasuka nyuma ya kichwa chake

Ifunge begi likiwa tupu. Ikipasuka hata tupu, kichwa cha zipu kimechakaa, midomo yake imepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, ujaribu. Kubana huku kunakununulia majuma machache tu. Mwite fundi abadilishe. Ikiwa inafunga vyema tupu na kupasuka likijaa, begi ni dogo au mfuko wa mbele umebebeshwa adapta, pedali, waya wa mita sita na kikoi cha kubadilisha. Mfuko wa mbele ukivimba unasukuma nyuzi dhidi ya freti, jambo ambalo nalo si zuri.

Zipu ngumu ya kuvuta, yenye unga mweupe au wa kijani, ni chumvi. Isugue kwa mswaki na maji baridi yasiyo na chumvi, iache ikauke, uipake nta ya mshumaa. Ukibadilisha, kataa meno ya chuma. Omba ya nailoni, namba 8 au 10. Namba ni kama upana wake kwa milimita ikiwa imefungwa. Namba 5 ni ya mkoba wa shule.

Gitaa linaanguka, au begi linakatika mabegani

Ni mikanda miwili tofauti na watu wanaichanganya.

Mkanda wa begi ukikatika, angalia ulikoshonewa. Ukiwa umeshonewa kwenye kitambaa cha nje tu, hauna nafasi. Unatakiwa upite chini ya begi au ushike kipande cha ziada ndani, na mshono uwe mraba wenye msalaba katikati. Mafundi wa viti vya magari wanaujua mshono huo hata usingizini, na nyuzi zao haziozi. Huku uko kwao, waongezee mshikio wa pembeni. Kwenye matatu begi la besi mgongoni linazidi kichwa chako, na ule mlango hausamehi: kichwa cha gitaa kinagonga paa na wewe unasikia mgongoni. Livue kabla ya kupanda, ulishike kwa mshikio wa pembeni. Kwenye tuktuk lilaze mapajani kichwa kikielekea ndani. Nimeona kichwa kikichungulia nje, kikikwepana na vioo vya pikipiki, nikageuza uso.

Mkanda wa gitaa ukichomoka unapopiga, kagua skrubu ya kifungo. Inazunguka bila kukaza? Tundu limelegea. Itoe, chovya njiti mbili tatu za kiberiti, zilizokatwa vichwa, kwenye gundi ya mbao, zijaze tunduni, uzikate usawa wa mbao, uache hadi kesho yake, ndipo urudishe skrubu. Itauma kama mpya. Skrubu ikiwa imara ila ngozi ya mkanda imepanuka, nunua loki za mkanda, vile vifungo vinavyoufungia usichomoke, au kata duara la mpira wa ndani wa baiskeli, ulitoboe katikati na ulivike juu ya mkanda kwenye kifungo. Loki zina nati, nati zinalegea, zikague kila mwezi. Rafiki yangu mmoja alizisifu sana loki zake hadi usiku besi ilipomtoka katikati ya arusi, ikatua kwenye sinia la pilau. Pilau ndiyo iliyoiokoa.

Shingo inanata, madoa meusi, harufu ya ghala

Harufu na vidoa vyeusi ni ukungu. Futa gitaa kwa kitambaa kikavu, osha begi kwa maji na sabuni kidogo, likauke kabisa kivulini. Kunata ni jambo jingine: magitaa ya rangi ya nitroselulosi, hasa ya zamani, yanagombana na mpira na plastiki laini. Zikigusana muda mrefu kwenye joto, rangi inayeyuka na alama haifutiki. Besi yako ikiwa ya aina hiyo, shonesha bitana ya pamba ndani ya begi. Kipande cha leso kutoka Biashara Street kinafaa, na jina la leso uchague mwenyewe.

Waya unakwaruza sauti

Karibu kila mara ni nati ya tundu la jeki, pale waya unapochomekwa. Ikilegea, tundu lote linazunguka na kukata nyaya ndani. Ikaze kwa spana huku umelishika tundu lisizunguke. Na usifunge gitaa begini na jeki ikiwa imechomekwa, hata kwa safari ya dakika tano.

Ukiamua kununua, au kushonesha

Nenda na besi. Lifunge, lilaze chini kwa mgongo, pitisha vidole chini ya kichwa: kisiguse sakafu. Begi zuri lina mto chini ya shingo unaokiacha kichwa kielee. Jambo hili ni zito zaidi kwa besi zenye kichwa kilichoinamia nyuma, kama Thunderbird ya Gibson ya mwaka 1963 na jamaa zake, kwa sababu begi likianguka chali kichwa ndicho kinachotangulia. Hizo pia ni ndefu kiwiliwilini, haziingii begi la kawaida, usipoteze nauli. Tikisa begi: gitaa likicheza ndani, ni kubwa mno. Kasha gumu ni la kupanda ndege, au la bendi yenye lori lake. Kwenye boda kasha gumu ni adhabu.

Mvua ya Mei haichezewi, na kitambaa kinachoitwa cha kuzuia maji kinavuja kwenye mishono na zipu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi lile vazi la mvua la wanabodaboda, kubwa, lililokatwa na kushonwa upya kwa umbo la begi, ndilo koti la gitaa langu.

Kushonesha kunahitaji kipimo, na wengi hawapendi kumwachia fundi besi ilale kwake. Mimi pia sikupenda. Nililaza gitaa juu ya boksi la friji, nikalizungushia kalamu, masikio ya vigingi na yote, nikakata umbo hilo, nikaandika unene wa kiwiliwili pembeni kwa wino mwekundu. Nikampelekea yule mzee wa Mwembe Tayari boksi, sponji ya ndara na zipu ya namba 10. Siku ya tatu alinikabidhi begi, boksi limekaa ndani sawasawa. Pale chini, mahali pa kifungo, alikuwa amelichomeka msumari, apate kuhakikisha mkia umefika kwenye tundu lake.